Kompyuta zetu zimeachwa yatima, na wakubwa wamekaa kimya

MSIMU wa kahawa uliopita nilimsindikiza mjomba wangu kwenda kufuatilia malipo yake katika chama kimoja cha msingi wilayani Muleba. Jina la chama nalihifadhi, kwa sababu si lengo langu kumchoma mtu mmoja wakati ugonjwa ni wa wengi. Tulifika asubuhi, tukakuta wazee wenzake zaidi ya 30 wamekaa chini ya mti, kila mmoja na vikaratasi vyake vya mizani mfukoni. Karani akatoka nje akiwa amenyong'onyea kama aliyefiwa. "Waitu wazee wangu," akasema, "mashine imefunga kila kitu. Rudini wiki ijayo."

Niliomba kuiona hiyo mashine. Kwenye kioo kulikuwa na maandishi mekundu ya Kiingereza yakidai fidia ya dola, la sivyo mafaili yasingefunguliwa. Orodha ya wakulima, kilo walizopeleka, malipo ya awali, madeni ya pembejeo, vyote vilikuwa ndani ya lile sanduku na vyote vimetiwa kufuli na mwizi ambaye huenda hajui hata kama duniani kuna mahali panaitwa Muleba. Fundi aliyeitwa kutoka Bukoba mjini alitikisa kichwa. Ilikuwa inatumia Windows 7. Nakala ya mafaili haikuwepo popote. Ilibidi karani na vijana wawili wakae karibu mwezi mzima wakiandika upya kutoka kwenye vishina vya stakabadhi. Mzee aliyepoteza kikaratasi chake alibaki kuapa kwa jina la marehemu baba yake.

Mjomba alinitazama akaniuliza swali ambalo mpaka leo linanikera: "Mwanangu, hivi hao wenye mashine hawakujua kwamba imeisha?"

Ndugu msomaji, swali la mjomba ndilo swali la makala hii. Nani alijua, na kwa nini hakusema?

Kuna watu wanadhani kompyuta huisha pale inapokataa kuwaka. Si kweli. Kompyuta ina mwili na ina roho. Mwili ni lile sanduku, kioo na vibonye. Roho ni mfumo endeshi, ambao kwa mashine nyingi za huku kwetu ni Windows ya kampuni ya Microsoft ya Marekani. Kila mwezi watengenezaji hugundua matundu katika mfumo wao na hutuma viraka kupitia mtandao. Siku wanapoamua kwamba mfumo umezeeka, viraka vinasimama. Mashine itaendelea kuwaka, itachapa barua, itapiga hata muziki. Lakini kila tundu jipya litakalogunduliwa litabaki wazi milele, na wezi wanajua lilipo.

Tarehe hizo si siri. Windows XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 iliachwa tarehe 14 Januari 2020. Na Windows 10, ambayo leo ndiyo imejaa katika maduka ya stesheneri ya Kashai na Hamugembe, katika saccos, katika ofisi za shule na zahanati, iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo hiyo ziliachwa pia programu za ofisi za Office 2016 na Office 2019. Tarehe ya kifo cha Windows 10 ilikuwa inajulikana miaka mingi kabla. Msiba uliotangazwa mapema kiasi hicho, halafu wenye nyumba wanakutwa hawajanunua hata sanda!

Nawaomba wana Kagera tukumbuke mnyauko wa migomba, ule tunaouita unyanjano. Ulipoingia Muleba mwaka 2006, wengi wetu hatukuelewa. Mgomba mmoja ulinyauka, mwenye kibanja akasema ni jua. Kisha akachukua panga lile lile lililokata mgomba mgonjwa, akaingia nalo kwenye migomba mizima. Panga ndilo lililosambaza ugonjwa. Mpaka wataalamu walipotufundisha kuosha panga kwa jiki au kulipitisha motoni, vibanja vingi vilikuwa vimekwisha.

Sasa flashi ndiyo panga letu la leo. Mwalimu anatoka nayo shuleni, anaichomeka stesheneri kuchapa mtihani, kutoka hapo inaenda ofisi ya kata, jioni inaingia kwenye laptopu ya mhasibu wa saccos. Mashine moja iliyoachwa bila viraka inatosha kuugua, na flashi inafanya iliyobaki. Wala kirusi hakihitaji flashi kila mara. Mashine zikiwa kwenye mtandao mmoja, kinapita chenyewe kama moto wa nyasi.

Wapo watakaosema, "Sisi maskini, nani atahangaika kutuibia?" Waulizeni Waingereza. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilizuka na kusambaa katika nchi nyingi kwa siku moja. Hakikuchagua tajiri wala maskini, kilitafuta tundu tu. Kiraka cha tundu hilo Microsoft walikuwa wamekitoa mwezi Machi mwaka huo huo. Wasiokibandika, na waliokuwa kwenye mifumo iliyokwisha, ndio waliolia. Katika huduma ya afya ya England taasisi zisizopungua 80 kati ya 236 ziliathirika, na miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kufikia 19,000 ilifutwa. Hiyo ni Uingereza, yenye mafundi kila kona. Fikiria hospitali ya kijijini kwetu, ambako fundi anapandishwa pikipiki kutoka mjini na nauli yake haijulikani italipwa na nani.

Wengine watasema mashine zao zina dawa ya kuua virusi, kwa hiyo wako salama. Dawa hiyo ni mlinzi wa getini. Ni vizuri kuwa naye, lakini ukuta wa nyuma ukiwa na tundu, mlinzi atasimama getini usiku kucha huku mali inatoka.

Hapa Kagera tunalo neno butura. Mkulima mwenye shida anauza kahawa ikingali maua kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika anamwangalia mwenzake akichuma. Serikali imepiga kelele miaka yote dhidi ya butura, na ni haki yake. Lakini hii tabia ya kuendesha ofisi kwa mashine iliyokwisha nayo ni butura. Unaokoa shilingi laki kadhaa leo, na kesho unamkabidhi mtu usiyemjua daftari la wanachama 1,000.

Tusidanganyane kuhusu chanzo cha tatizo. Kompyuta nyingi za huku ni za mitumba. Zinakuja kupitia Mutukula kutoka Kampala, zinakuja kupitia Mwanza, nyingine ni za msaada ambao wafadhili huko kwao walikuwa tayari wanazitupa. Windows 11, ambayo ndiyo mrithi, haikubali kila mashine. Inataka kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kwa mashine zenye ubongo wa Intel inataka, kwa sehemu kubwa, kizazi cha 8 au zaidi, yaani mashine za kuanzia mwaka 2017 hivi kuja mbele. Kwa hiyo ile kompyuta uliyonunua kwa jasho miaka mitatu iliyopita, ukaambiwa "hii ni mpya, imetoka Ulaya", huenda haina njia ya kwenda mbele. Ulaya hawakuitoa kwa mapenzi. Walijua tarehe!

Juu ya hapo kuna Windows za wizi. Vijana wetu wanaziwekea ufunguo wa kughushi kwa elfu kumi, na mara nyingi kile kijiprogramu cha kuvunjia kufuli ndicho kinachoingia na kirusi. Mwenye duka anashukuru amepunguziwa gharama, kumbe amemlipa mwizi nauli ya kuja nyumbani kwake.

Na wenye mali wanasemaje? Kampuni imeweka mpango wa kulipia viraka kwa wanaochelewa. Kwa wafanyabiashara ni dola 61 kwa mashine moja mwaka wa kwanza, bei inazidishwa mara mbili kila mwaka, na mwisho ni miaka mitatu. Piga hesabu: 61, kisha 122, kisha 244. Jumla dola 427 kwa mashine moja, zaidi ya shilingi milioni moja. Anayejiunga mwaka wa pili anadaiwa na mwaka wa kwanza pia. Kwa fedha hizo unapata mashine nyingine.

Kwa watumiaji wa majumbani waliwekewa mwaka mmoja wa nyongeza, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 au kwa masharti ya kujisajili na kampuni. Sasa sikiliza jambo hili. Vyama vya kutetea walaji vya Ulaya vilipiga kelele, na mwezi Septemba 2025 kampuni ikakubali kuwapa watu wa ukanda wa uchumi wa Ulaya mwaka huo bure. Walaji wa Ulaya walikuwa na wa kuwasemea. Mlaji wa Bukoba anasemewa na nani? Tunayo Tume ya Ushindani, ambayo kazi yake mojawapo ni kumlinda mlaji. Tunazo wizara zenye majina marefu. Semina zinafanyika hotelini, posho zinasainiwa, lakini karani wa chama cha msingi hajapata hata karatasi moja ya Kiswahili inayomwambia kwamba mashine yake imeachwa yatima.

Shangingi la mkubwa likipasuka tairi linabadilishwa siku hiyo hiyo. Kompyuta yenye taarifa za wagonjwa wa wilaya nzima inasubiri "bajeti ijayo".

Isitoshe, Serikali hiyo hiyo imetusukuma wote kwenye mifumo. Chama cha ushirika kinatakiwa kiwe kwenye mfumo wa MUVU. Anayetaka zabuni ya umma lazima aingie NeST. Kodi ni mtandaoni. Si vibaya, mwendo wa dunia ndio huo, na mfumo mzuri unaweza hata kupunguza wizi wa mezani. Lakini ukimlazimisha mtu kuvuka ziwa, mwulize kwanza kama mtumbwi wake una tundu. Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Picha za wanachama, namba za vitambulisho, madeni yao, magonjwa yao, vyote vimo. Siku taarifa zikivuja kutoka kwenye mashine ya Windows 7, atakayeshikwa shati ni mwenyekiti wa saccos, mzee wa watu wa darasa la saba, wala si yule aliyemtaka ajiunge na mfumo.

Nchi hii imekwisha kulipia ada ya kuhama bila mpango. Miaka ya 1960 Hazina iliingiza kompyuta kwa ajili ya mahesabu ya Serikali. Watu hawakuandaliwa ipasavyo, mahesabu yakavurugika, fedha zikapotea. Jibu la Serikali likawa nini? Mwaka 1974 ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini! Badala ya kumuuliza aliyepanga vibaya, tukaifunga mashine. Wenzetu walisonga, sisi tukabaki na taipureta. Nasema hili ili mtu asije akaamka kesho akaagiza mashine zote za zamani zizimwe kwa siku moja kwa amri ya simu. Hilo nalo ni ugonjwa.

Basi tufanyeje? Mkulima wa kahawa anajua jibu. Mibuni ikizeeka, hufyeki shamba zima kwa mkupuo, utakula nini? Unaanza na mistari michache, unapanda miche bora, unaitazama ikishika, ndipo unaendelea. Kuhama kutoka mfumo uliokwisha ni vivyo hivyo.

Kwanza, hesabu. Mwenye duka, mkuu wa shule, meneja wa saccos, chukua daftari uandike kila mashine: ina mfumo gani, ni ya mwaka gani, inafanya kazi gani, ndani yake kuna nini. Ofisi nyingi hazina orodha hiyo. Hujui ng'ombe wako wangapi, utajuaje aliyepotea?

Pili, nakala. Kabla fundi hajagusa kitu, mafaili yote yatolewe nakala mbili, moja kati ya hizo ikae nje ya jengo. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitufundisha kwamba jengo si mahali pa kuamini, na waliosoma Ihungo na Nyakato wanajua shule zao zilivyokuwa kesho yake. Na nakala ijaribiwe kama inafunguka. Nakala isiyofunguka ni hadithi.

Tatu, gawa mashine mafungu matatu. Fungu la kwanza ni zile zinazokubali Windows 11, hizo zipandishwe mara moja, na kwa aliyekuwa na Windows 10 halali kupanda huko hakuna malipo. Fungu la pili ni zenye nguvu lakini zimekataliwa. Hizo zinaweza kupewa roho nyingine, yaani mfumo wa Linux kama Ubuntu au Mint, ambao haulipiwi na unapata viraka. Karani ambaye kazi yake yote ni kuingia kwenye mfumo wa Serikali kupitia brauza, na kuandika barua, mara nyingi hatapoteza kitu. Fungu la tatu ni zile zilizochoka kabisa. Zitolewe kwenye mtandao, zipigiwe chapa, basi.

Wala msiogope Linux kama jini. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitafsiri programu huru za ofisi kwa Kiswahili wakaziita Jambo OpenOffice. Watanzania walikwisha kuonyesha kwamba inawezekana. Swali ni kwa nini kazi ile haikufika ofisi ya kata ya Kamachumu wala Nshamba.

Lakini niwe mkweli, Linux si dawa ya kila jeraha. Programu nyingi za uhasibu zilizotengenezwa kwa Windows hazifanyi kazi humo, na printa nyingine zinagoma. Kwa hiyo hatua ya nne ni kujaribu mashine moja kwa mwezi mzima, na karani mwenyewe aitumie, si fundi. Kinachomshinda kiandikwe. Mashine ya mhasibu iwe ya mwisho kuguswa, na ndiyo itengewe fedha ya kununuliwa mpya kama kuna fedha ya mashine moja tu.

Tano, chagua wakati. Usihame kahawa ikiwa mizani. Usihame siku mbili kabla ya tarehe 20 wakati ritani za VAT zinadaiwa. Shule isihame wakati wa kusajili watahiniwa. Na umeme wetu tunaujua, mkoa huu uliishi miaka mingi kwa umeme wa kununua Uganda, na kukatika kwake hakuhitaji maelezo. Mashine ikizimika katikati ya kubadilishiwa mfumo unaweza kupoteza vyote. Tumia laptopu yenye betri nzima au kopa kifaa cha kuhifadhi umeme kwa siku hiyo.

Hayo ni ya wananchi kujifanyia. Yapo ambayo mwananchi hawezi.

Madiwani wa Manispaa ya Bukoba, wa Bukoba Vijijini na wa Muleba, wa chama chochote kile, ombeni kwenye baraza orodha ya kompyuta za halmashauri, zahanati na shule zinazotumia mifumo iliyokwisha. Orodha isomwe hadharani, na mbele ya kila mashine iandikwe tarehe ya kuhamishwa. Tume ya Maendeleo ya Ushirika itoe waraka wa Kiswahili rahisi kwa kila chama cha msingi kabla ya msimu ujao, siyo baada ya maafa. Tume ya Ushindani ituambie kama iliwahi kumwandikia mtu yeyote barua kuuliza kwa nini mlaji wa Ulaya apewe bure kile ambacho mlaji wa Afrika anadaiwa. Na chuo chochote cha ufundi mkoani kinachofundisha kompyuta kiache kufundisha vijana kuvunja kufuli za Windows, kiwafundishe kuhamisha ofisi.

Najua jibu litakalotolewa. Tutaambiwa suala hili "linafanyiwa kazi". Mjomba wangu amefanyiwa kazi ya namna hiyo tangu enzi za ukoloni. Alilipwa hatimaye, kwa sababu ana tabia ya kutunza kila karatasi ndani ya kopo la maziwa. Jirani yake hakuwa na kopo. Kilo zake zilizokubaliwa ni zile alizokumbukwa nazo na karani.

Msimu mwingine unakuja. Mashine ngapi za Bukoba na Muleba zitakuwa bado zinatumia Windows 7 siku mizani itakapofunguliwa? Mwenye jibu alitoe sasa, wazee wasije wakaambiwa tena warudi wiki ijayo.